Nakala Zilizoharibika

Elkana Adagala, mimi ndiye yule wa mashine,
kibanda cha pili ukitoka Kibuye, penye pazia la kijani.
Ulikuja Ijumaa saa kumi, karatasi kifuani ndani ya shati,
kama mtu aliyeiba kuku
na kuku angali hai.

"Nakala arubaini. Ukipunguza bei, arubaini na tano."
Nilipunguza. Bosi hakujua.
Mwanga ukapita chini ya kioo, ukaenda, ukarudi,
na Karani Korongo akatoka akiwa na joto,
upara wake, mkoba wake, mfuko wa shingoni umejaa mihuri,
akimwambia mjane wa Nyalenda: Rudi kesho, mama,
faili lako limekwenda kunywa chai.

Nilicheka peke yangu. Nikaisukuma karatasi makusudi
ili moja iharibike, iwe yangu.

Sijui kama kuna aliyekwambia haya, basi nayasema:
mvua yako ilinyesha kwa kulala, kutoka ziwani,
jinsi inavyonyesha hapa hasa, siyo mvua ya vitabuni
inayoshuka wima kama askari wa gwaride.
Mikono ya wanawake wako ilikuwa na uzito.
Mwanamke wako akiinua sufuria, tulijua
kama ndani mna maharagwe au mna maji tu.
Baiskeli hukuziweza. Tuseme ukweli.
Zote zilikuwa na ugonjwa wa magoti,
na bodaboda wako hangefika hata Kondele.
Lakini nani aliyechora kabla yako
kimya cha foleni ya mochari, visanduku sita,
watu walewale, saa ya ukutani peke yake ikisogea?

Kila toleo, kisanduku cha mwisho kilikuwa kitupu.
Mara ya kwanza nilidhani wino umeisha,
nikatikisa tona, nikaipiga mashine kofi.
Ukasema, "Iache. Hapo ni pa atakayesoma."
Na pembeni sahihi yako: ndara moja, kamba imekatika.

Shilingi ishirini. Hawakununua.
Duka la vitabu likasema halina rafu ya vitu vya pini.
Mwalimu mmoja alizichana mbili mbele ya darasa,
ya tatu akaitia mfukoni.
Aliyekusambaza ni Roslida wa njugu:
alichukua mabaki kwa kilo, akayasokota koni,
na watu walipomaliza kutafuna walifungua karatasi,
wakasimama katikati ya njia wakisoma, chumvi midomoni,
hadithi nusu, maana nusu nyingine imeondoka na mteja mwingine.
Niliwaona wanaume wawili wasiojuana
wakiunganisha koni zao juu ya boneti ya gari la mtu
ili wajue kama mjane alipata faili.

(Hakulipata. Alikalia kiti cha Korongo, akaagiza chai.)

Ulikuwa wapi siku hiyo? Ningekuita.

Kisha Ijumaa ikaja bila wewe. Na nyingine.
Wakasema umerudi kwenu Maragoli. Wengine wakasema macho.

Mwaka huu, Luanda, siku ya soko, nilitafuta nyama.
Juu ya mlango wa bucha kuna ng'ombe amechorwa,
mwekundu, mnene, kama ng'ombe wa bucha zote,
ila jicho. Jicho lile linajua bei ya kilo
na linajua mizani imebandikwa nini chini.
Nikainama kama niliyeangusha sarafu.
Karibu na kwato: ndara, kamba imekatika.

Sikuuliza. Nilinunua nusu kilo,
nikasimama mbele ya ukuta mpaka damu ikalowesha gazeti.

Nyumbani ninazo thelathini na moja, zote na kasoro:
iliyopinda, iliyofifia, iliyobeba
kivuli cha kidole changu gumba juu ya paa la mahakama.
Visanduku vya mwisho bado vitupu.
Kimoja tu nimekigusa, kwa penseli, unisamehe:
kibanda, pazia, mwanga ukipita chini ya kioo.
Nje imeegemea baiskeli.
Nami sikuiweza.